Safari ya Jani la Chai Kutoka Kikapuni Hadi Mnadani

Msafiri atokaye katikati ya mji wa Nairobi, akapita Westlands na kushika barabara ya Waiyaki kuelekea Kangemi na Kikuyu, hufika Limuru kabla ya saa moja kwisha, iwapo magari si mengi. Huko huanza kuyaona mashamba ya chai, kijani kitupu, yamekatwa sawasawa kama meza. Ni katika nchi hiyo ya Limuru ilikopandwa chai ya kwanza ya Kenya mwaka wa 1903. Lakini miaka zaidi ya arobaini ilipita kabla Mwafrika hajaruhusiwa kuipanda katika shamba lake mwenyewe, na sababu zilizotolewa zastahili kukumbukwa, maana ndizo zilizozaa mpango unaoelezwa hapa leo.

Walowezi walisema kwamba chai si mahindi. Jani likishachumwa huanza kubadilika papo hapo, na lisipofika kiwandani siku ile ile huharibika. Tena kiwanda ni ghali mno, hakuna mwenye eka moja awezaye kukijenga. Kwa hiyo, walisema, zao hili ni la mashamba makubwa peke yake, ambamo bwana mmoja ndiye mwenye miti, barabara, malori na mitambo, na neno lake moja husikiwa na wote. Ilisemwa pia kwamba Waafrika wangechuma majani mabaya na kuliharibu jina la chai ya Kenya huko London. Hofu hiyo ya pili ilikuwa na choyo kingi ndani yake. Lakini ile ya kwanza ilikuwa swali la kweli. Maelfu ya watu wasiojuana, kila mmoja na kishamba chake mlimani, watafanyaje kazi kana kwamba ni shamba moja?

Jibu lilipatikana polepole. Mpango wa Swynnerton wa mwaka wa 1954 ulifungua mlango kwa mazao ya fedha katika mashamba ya Waafrika, na mwaka wa 1957 kiwanda cha Ragati huko Nyeri kikaanza kusaga majani ya wakulima wadogo. Mwaka wa 1960 serikali iliunda halmashauri ya mazao maalum, na mwaka wa 1964, nchi ikiwa imekwisha kujitawala, kazi ya chai ikakabidhiwa halmashauri mpya ijulikanayo hata sasa kwa herufi zake nne, KTDA. Fedha za kuanzia zilikopwa kutoka shirika la maendeleo la Uingereza na Benki ya Dunia. Mwaka wa 2000 mambo yote yaliondolewa mikononi mwa serikali yakawa ya kampuni, na viwanda vikawa mali ya wakulima wenyewe. Leo wakulima hao wapita 600,000, na viwanda vyao vyakaribia au kupita kidogo 70. Ofisi kuu imo katikati ya Nairobi, Moi Avenue, katika jumba liitwalo kwa jina la wakulima.

Yafaa msomaji aufuate mzigo mmoja wa majani. Mama wa Murang'a huamka alfajiri, akafunga kikapu mgongoni, akachuma majani mawili na chipukizi lake, wala si zaidi. Jani la tatu ni gumu, nalo huishusha chai yote. Mchana hupeleka kikapu kwenye kituo cha kununulia, banda dogo kando ya njia, ambako majani humwagwa na kukaguliwa mbele ya majirani. Yaliyo mabaya hurudishwa, na aibu yake si ndogo. Yaliyo mema hupimwa kwa mizani, karani akaandika uzito kwa nambari ya mkulima. Kisha lori hupita kituo kwa kituo likikusanya, na hapa ndipo penye hatari, maana daraja likivunjika au mvua ikilizuia lori matopeni, kazi ya kijiji kizima yaweza kuoza usiku mmoja. Ndiyo maana wakulima wa chai hupigania barabara kuliko watu wengine wote. Kiwandani majani hunyaushwa, hukatwakatwa na kusagwa, huachwa yachache hata yageuke rangi ya shaba, hukaushwa, na kuchekechwa kwa madaraja. Kilo 4 na nusu hivi za majani mabichi hutoa kilo 1 ya chai.

Malipo nayo yamegawanywa kwa akili. Mkulima hulipwa kiasi kidogo kila mwezi kwa kila kilo, na mwaka wa hesabu ukiisha mwezi wa Juni, kinachobaki baada ya gharama hugawanywa, nacho ndicho kiitwacho bonasi. Mbolea hali kadhalika: hununuliwa kwa pamoja, ikaja kwa meli hadi Mombasa, ikagawiwa kwa mkopo na kukatwa katika malipo. Mwenye nusu eka hawezi kuagiza meli. Watu laki sita waweza.

Lakini jambo kubwa kuliko mbolea ni maarifa. Hapo mwanzo miche iliyotokana na mbegu ilikuzwa katika vitalu vikubwa, na mkulima alingoja zamu yake. Baadaye wataalamu wa utafiti wa chai wa Kericho walihakikisha kwamba kipande kifupi cha tawi chenye jani moja, kikichomekwa katika udongo ufaao na kufunikwa vyema, huota mizizi na kuwa mti mfano wa mama yake. Ustadi huo ulipofundishwa vijijini, kila mtu mwenye bidii aliweza kuwa na kitalu nyuma ya nyumba yake, na mashamba yakaenea kwa kasi isiyotazamiwa na ofisi yo yote. Kuanzia mwaka wa 2006 yalianzishwa madarasa ya shambani, ambamo wakulima wapatao thelathini hukutana mara kwa mara katika shamba la mmoja wao. Humo hawahubiriwi tu. Hugawa mistari ya miti, huu ukachumwa kila wiki, ule kila baada ya wiki mbili, wakapima wenyewe na kuona. Mzee aliyechuma kwa miaka thelathini hambishii sana kijana wa kilimo akisha kuona mizani.

Upande huu basi, maarifa hushuka vizuri kutoka kwa wataalamu hadi kwa mchumaji. Upande wa pili ndio wenye kasoro.

Chai ya Kenya huuzwa mnadani. Mnada huo ulianza Nairobi mwaka wa 1956, ukahamia Mombasa mwaka wa 1969, na sasa hupokea pia chai ya Uganda, Rwanda, Burundi, Tanzania na nchi nyingine jirani. Kabla ya kuuza, waonjaji hupanga vikombe mamia juu ya meza ndefu, wakavuta chai kwa kijiko kwa kishindo, wakaitema, na kusema mara moja kwamba hii ilinyaushwa vibaya, ile ilichachishwa kupita kiasi, na hii nyingine ilichumwa majani makuukuu. Mgeni huweza kucheka akiwatazama, lakini neno lao ndilo bei. Dalali analijua, mnunuzi wa Pakistani analijua, meneja wa kiwanda huarifiwa. Mama wa kikapu husikia nini? Husikia bonasi, miezi mingi baadaye, ikiwa tarakimu moja tupu isiyomweleza kama kosa lilikuwa mikononi mwake, katika lori, katika mitambo, au katika vitabu vya hesabu.

Matunda ya ukimya huo yameonekana. Mwezi wa Julai 2021 iliwekwa bei ya chini kabisa ya dola 2.43 kwa kilo, ili kumlinda mkulima. Nia ilikuwa njema, lakini wanunuzi walichukua chai bora na kuipita iliyo dhaifu, shehena kubwa ikalala maghalani Mombasa, na hatimaye bei hiyo ikaondolewa. Kisha mwaka wa 2025 wakulima wa magharibi mwa Bonde la Ufa, huko Kericho, Bomet na Kisii, walikasirika walipoona wenzao wa mashariki wamelipwa bonasi zaidi ya maradufu. Wengine walilaumu uchumaji, wengine gharama za viwanda, wengine viongozi. Huenda kila mmoja ana sehemu ya ukweli, ila kwa kuwa mkulima hakuonyeshwa hesabu hatua kwa hatua, hakuwa na njia ya kupambanua, na mtu asiyeonyeshwa hesabu hana budi kudhani ameibiwa.

Halmashauri ya Chai, ambayo ofisi yake i barabara ya Naivasha upande wa magharibi wa jiji, ilipewa nguvu upya na sheria ya mwaka wa 2020. Hapana haja ya sheria nyingine kwa jambo hili. Maneno ya mwonjaji juu ya chai ya kila kiwanda, pamoja na bei iliyopatikana, yaweza kuandikwa kwa Kiswahili chepesi katika karatasi moja na kubandikwa kila kituo cha kununulia, au kupelekwa kwa simu. Mnada hufanywa siku za mwanzo wa juma. Kabla ya Ijumaa mchumaji angekuwa amekwisha kusoma.