Maduka ya bei chee yanajaza shelfu. Je, bei itabaki chee?

Mwaka 2015, mteja aliyeingia Tesco nchini Uingereza kutafuta tomato sosi alikuta aina 28. Aldi, duka la bei chee lenye asili ya Ujerumani, lilikuwa na moja tu, tena ya saizi moja.

Mwaka huohuo Tesco ikaamua kupunguza bidhaa zake, ambazo zilikuwa zimefika kama 90,000. Aldi yenyewe inaenda upande mwingine. Ilipoingia Uingereza mwaka 1990 iliuza bidhaa kama 600. Leo ni takriban 2,000.

Kwa anayefuata bei nafuu, hiyo si habari ya kushangilia moja kwa moja.

Uchache ndiyo siri ya bei

Ndugu wawili, Karl na Theo Albrecht, walichukua duka la mama yao mjini Essen baada ya Vita vya Pili vya Dunia. Waliuza vitu vichache, hasa visivyooza haraka. Kisichotoka, kinaondolewa.

Hesabu yake ni nyepesi. Ukiuza sosi ya aina moja badala ya 28, oda yote inaenda kwa mzalishaji mmoja, na hapo unaweza kumbana kwenye bei. Bidhaa zinapangwa zikiwa ndani ya maboksi yake, wafanyakazi wachache wanatosha, na duka halihitaji kuwa kubwa. Mangi wa mtaani naye ana chumvi ya aina moja au mbili, ila hana maelfu ya maduka ya kumpa sauti mbele ya kiwanda.

Sasa mbona wanaongeza?

Shida ni kile kitu kimoja kinachokosekana. Mteja akipata unga, mafuta na sukari lakini akakosa nyama, lazima apitie duka la pili. Akishafika huko, anaweza kumalizia manunuzi yote hukohuko.

Ndiyo maana yakaja mafriji, mboga mbichi, nyama na mikate inayookwa dukani. Nchini Ujerumani, Aldi iliyojijenga kwa chapa zake yenyewe ilianza kuuza Coca-Cola mwaka 2012. Uingereza, ina hadi bidhaa za daraja la juu ziitwazo Specially Selected, kwa wenye mfuko mnene kidogo.

Profesa Malcolm McNair wa Harvard aliueleza mzunguko huu mwaka 1958. Duka jipya huingia sokoni kwa bei ya chini na huduma za kawaida tu, likishapata wateja linajipamba, gharama zinapanda, na bei zinafuata. Hapo mlango unafunguka kwa mgeni mwingine wa bei ya chini.

Kwik Save ni mfano. Duka hilo la Uingereza lilikua kwa kuuza bidhaa chache zenye majina kwa bei ya kutupa. Miaka ya 1990 likapanua orodha yake, huku Aldi na Lidl wakiingia chini yake. Mwaka 2007 likaanguka.

Aldi imepata namna ya kuchelewesha hali hiyo: safu ya katikati. Huko kuna mahema, drili, viatu vya mvua, na mzigo mpya huingia mara mbili kwa wiki. Ukiisha, umeisha. Duka linaonekana lina kila kitu, lakini orodha ya kudumu inabaki fupi.

Mbinu imelipa. Septemba 2022 Aldi iliipita Morrisons na kuwa supamaketi ya nne kwa ukubwa Uingereza.

Tesco ilijaribu kuiga. Mwaka 2018 ilifungua Jack's, duka la bidhaa 2,600, na mwaka 2022 ikalifunga. Kilichodumu ni mpango wake wa mwaka 2020 wa kulinganisha bei na Aldi kwa mamia ya bidhaa.

Mamia tu, kati ya maelfu. Vita yenyewe iko kwenye vitu vya kila siku kama maziwa, mayai na mkate. Mteja anayebana matumizi akimaliza hivyo, kisha akaanza kuokota vya daraja la juu na drili asiyoihitaji, risiti yake inaweza kufanana na ya duka alilolikimbia.