Jasho la Kioo

Kwenye kipindi kilichopita muda ulituishia na hadithi yangu ya kamera ikabaki nusu, na wengine mmenisumbua nimalizie. Hii hapa. Sitoki vizuri ndani yake, mjue mapema.

Kazi yangu ni kamera za kukagua vipande vya magari, na kiwanda chenyewe kiko Mississauga, sitakitaja. Kipande cha alumini kinapita kwenye mkanda, kamera inapiga picha, programu inaamua ni kizima au kibovu. Januari, karibu kila asubuhi kuanzia kama saa moja, picha zikawa na ukungu. Programu isipoiona hesi ndani ya tundu inakitupa kipande, kwa hiyo tulikuwa tunatupa vipande vizima kwa makapu.

Sasa, ukungu wa picha si ugonjwa mmoja. Kuna wa mwendo: picha inavutika upande mmoja tu, kule mkanda unakoelekea. Hesabu yake rahisi. Mkanda ukienda milimita 400 kwa sekunde, na kamera ikafumbua jicho kwa milisekunde 5, kipande kimeshasogea milimita 2 kabla jicho halijafumba. Hesi yote imepotea hapo. Ukipunguza iwe milisekunde 0.2, kinasogea milimita 0.08 tu, lakini mwanga unaoingia umepungua mara 25, kwa hiyo lazima uweke taa kali ya kumulika pale pale picha inapopigwa. Nilihangaika na hilo siku mbili nzima. Bure, maana mchana picha zilikuwa safi na mkanda una kasi ile ile!

Kuna wa fokasi: kila ukingo umelainika, pande zote. Mara nyingi mtikisiko wa mashine umelegeza pete ya lenzi. Nikakagua skrubu, imekaza.

Halafu kuna wa tatu, picha nzima inapauka, nyeusi inageuka kijivu, na taa zinavaa duara la mwanga. Huu ndio tuliokuwa nao. Maana yake kuna kitu juu ya kioo. Nikaangalia kile kioo cha kukinga lenzi, kweli, kina michirizi ya mkono.

Pale kwenye mkanda anafanya kazi mama mmoja wa Bukavu, ameletwa na wakala wa ajira. Nikamuuliza, kwa Kiswahili, najisikia kweli kweli. Akanijibu: “Mwanangu, asubuhi jasho inakuwaka ku kioo.”

Nikatikisa kichwa. Ndiyo, ndiyo. Mnaijua ile ndiyo yetu, ya harusini, shangazi anaongea haraka na wewe umeshika neno moja tu. Mimi nilishika jasho. Jasho, mikono, michirizi. Nikaandika kwenye ripoti kwamba mfanyakazi anagusa kioo. Baada ya siku mbili supavaiza akamwambia wakala alete mtu mwingine.

Jumapili nilikuwa kwa mama, Scarborough. Nikamsimulia kama kichekesho, eti Kiswahili cha Kongo kigumu. Mama ni wa Mombasa, hacheki ovyo. Akaweka kijiko chini. “Kwani soda ukiitoa friji haitoki jasho? Huyo mama kakwambia kioo chatoka jasho. Mikono yake imeingia wapi?”

Wali ukanikwama.

Jumatatu nilifika kabla ya saa kumi na mbili na nusu, lori la kwanza linapoingia. Nje baridi ya kukata masikio. Mlango wa malori ukafunguliwa, upepo ukaipiga kamera, kioo kikawa barafu. Mlango ukafungwa. Pembeni hapo kuna mashine ya kuoshea vipande kwa maji moto, inapumua mvuke siku nzima. Mvuke ukakutana na kioo baridi. Nikamulika kwa tochi ya simu: kioo cheupe! Kabla ya saa mbili kilikuwa kikavu. Mimi huwa nafika saa tatu. Na ile michirizi? Yule mama alikuwa anakifuta kwa glavu ili kazi isisimame.

Dawa ilikuwa ndogo: pazia la plastiki mlangoni, hewa kavu ya kompresa ikipuliza kioo, na kipasha joto kidogo kando yake kisipoe kuliko hewa inayokizunguka. Ripoti niliandika upya, nikaeleza kwamba aliniambia ukweli na mimi ndiye sikuelewa. Supavaiza aliisoma mara mbili, hakusema kitu.

Wakala alikuwa ameshampeleka kwenye bohari moja Brampton, saa chache, pesa kidogo. Kumrudisha kulichukua karibu wiki mbili, na hizo siku hakuna aliyemlipa. Aliporudi nilikwenda kumwomba radhi. Nilikuwa nimeipanga hotuba yangu ndani ya basi, nikaanza, akanikatiza.

“Siku ile ulisema ndiyo, ndiyo,” akasema huku anavaa glavu. “Nikajua haukusikia kitu.”