Mpiga kinanda wa Diani ajifunze kuacha noti

Kijana wa Taru au Msambweni anayejifunzia kinanda kanisani huanza na kodi ya noti tatu, do-mi-so, zikiwa zimebanana chini ya mkono mmoja. Kwa pambio inatosha. Akipata kazi katika bendi ya hoteli Diani huendelea nayo vilevile: kushoto anakandamiza do, mpiga besi naye yuko kwenye do ileile, gita limekaa papo hapo. Muziki unakuwa mzito, na ngoma, ambazo ndizo utajiri wa pwani hii, zinafunikwa. Dawa yake naiona katika mafunzo ya piano ya jazi, ambayo wengi hudhani ni kurundika noti. Somo lake la mwanzo ni kupunguza. Do anaachiwa mpiga besi. Kinanda kinabaki na mi, so, ti na re ya juu. Besi ikihamia la, vidole vilevile vinatoa kodi nyingine kabisa, bila mkono kusogea hata kidogo.

Wapo watakaosema mtalii anataka “Jambo Bwana” ya Them Mushrooms, ya tangu 1982, si jazi. Apigiwe, na kodi iliyopanguliwa vizuri haitamharibia. Pingamizi lenye uzito ni jingine: sengenya ya Wadigo haikutungwa kwa kodi, wala taarabu ya maqamu, na do-mi-so huzilazimisha nyimbo hizo kuvaa nguo isiyo yao. Ni kweli, na ndiyo sababu hasa ya kwenda mbele zaidi ya do-mi-so. Mwaka 1959, katika “So What” ya Miles Davis, mpiga piano Bill Evans alipanga mi, la, re, so na ti: kila noti inarukia ya nne yake, isipokuwa ti ya mwisho, iliyo ya tatu kutoka so. Mipangilio ya nne-nne, ambayo mpiga piano McCoy Tyner aliijengea nyumba nzima akiwa katika bendi ya John Coltrane, haiamui mapema wimbo uelekee wapi. Zumari linaweza kupita juu yake likiwa huru. Pale zumari linapogusa sauti isiyokuwamo kwenye kinanda, kinanda kinyamaze.

Wala piano kubwa haihitajiki. Kinanda cha oktavu tano kinatosha. Mi-so-ti-re izungushwe katika funguo zote 12 hadi vidole viizoee, kisha iwekwe juu ya chakacha, ikigongwa pale tu ngoma inapovuta pumzi.