Moshi wa matofali yetu: tujiulize moto unakula nini

Kila mwaka, mwezi wa sita unapofika na mvua kupungua, moshi unapanda kutoka mabonde mengi ya Kivu. Ni matanuru ya matofali. Wengi wetu tunafurahi kuuona, kwa sababu ni alama kwamba kazi inaendelea: nyumba, shule, kituo cha afya, na mara nyingi hekalu jipya la parokia. Siku ya salongo akina mama wanabeba matofali kichwani, vijana wanakanyaga udongo, na kabla ya kuwasha moto mzee mmoja anaomba.

Sisi wachungaji tumesimama mbele ya matanuru hayo na kuyaombea. Lakini hatujajiuliza vya kutosha: moto ule unakula nini, na joto lake linaenda wapi?

Wakati wa kujiuliza ni sasa. Mwezi wa kwanza 2025 serikali yetu ilitangaza Ukanda wa Kijani kutoka Kivu mpaka Kinshasa, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 500,000 ambamo misitu inapaswa kulindwa na watu kupata kazi. Mwaka huohuo Hifadhi ya Virunga, iliyoanzishwa 1925, ilitimiza miaka 100. Na tangu 1994 UNESCO imeiweka kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika mara nyingi kwamba makundi yenye silaha yanatoza kodi juu ya makala na mbao. Tunawalaumu wenye silaha, na ni haki. Lakini mti haukatwi bila mnunuzi, na makanisa ni wanunuzi wa matofali.

Tuanze na moshi wenyewe. Siku za kwanza, moshi mweupe ni mvuke wa maji yanayotoka katika matofali na kuni. Huo hauepukiki. Lakini moshi mweusi na mzito unaofuata ni kuni ambazo hazikuwaka vizuri, kwa kukosa hewa au kwa kuwa mbichi. Tulilipa kuni hizo, tukazibeba, kisha zikaenda angani na katika mapafu ya vijana wanaolala kando ya tanuru usiku kucha wakichochea. Ndani ya moshi huo kuna pia gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na harufu, ambayo inaumiza kichwa na inaweza kuua.

Sasa tufanye hesabu ya parokia inayotaka matofali 20,000. Kama tofali moja lina kilo 2.5, huo ni mzigo wa tani 50. Wataalamu hupima joto kwa megajuli. Tanuru letu la kienyeji, lile la kupanga matofali na kupaka tope kwa nje, mara nyingi linatumia megajuli 2 mpaka 4 kwa kila kilo ya tofali. Tukichukua 3, tunahitaji megajuli 150,000. Kilo moja ya kuni kavu inatoa karibu megajuli 15, basi tunahitaji tani 10 za kuni. Lakini kuni mbichi, ambazo nusu ya uzito wake ni maji, zinatoa karibu megajuli 8 tu kwa kilo, kwa sababu moto unaanza kwa kuchemsha maji hayo. Kwa matofali yaleyale tutamaliza karibu tani 19. Tofauti ya tani 9 haikuleta hata tofali moja zaidi.

Kuna njia bora. Wachina walibuni tanuru la wima, ambalo baadaye lilifika India, Nepal na hata Malawi. Matofali mabichi yanawekwa juu na kushuka polepole. Moto uko katikati. Hewa inaingia chini, inapita kati ya matofali yaliyokwisha kuiva na kuchukua joto lao kabla ya kufika motoni. Moshi wa moto unapanda ukikausha matofali mabichi yanayongoja. Joto linatumika mara mbili, mara tatu. Tanuru la namna hiyo linahitaji megajuli 1 hivi kwa kilo, au chini kidogo. Letu linapasha kuta na hewa, kisha joto lote linapotea tanuru linapopoa, na safu za nje zinabaki nusu mbichi.

Tuseme ukweli: tanuru la kudumu linataka mtaji, udongo mwingi mahali pamoja, na usalama. Nani atajenga kitu cha kukaa miaka 20 mahali ambapo watu wanakimbia kila msimu? Hata kwa jambo hili vita vinatuibia. Tena matanuru ya wima kwa kawaida yalitumia makaa ya mawe, ambayo yana moshi wake.

Lakini mambo mengine hayangoji amani. Kuni zikatwe na kupasuliwa miezi kadhaa mbele, zifunikwe kwa shitingi, zikauke. Matofali yenyewe yakauke kabisa kivulini kabla ya kupangwa. Parokia mbili au tatu jirani zichome pamoja, kwa sababu tanuru kubwa linapoteza joto kidogo kuliko matatu madogo. Pumba za mpunga au unga wa mbao vichanganywe kidogo katika udongo: Waisraeli kule Misri walichanganya majani ili kushika tofali, lakini pumba zinawaka ndani ya tofali lenyewe na kupunguza kuni. Na pale ambapo ukuta hauhitaji tofali la kuchoma, tutumie tofali la udongo lililoshindiliwa kwa mashine ya mkono pamoja na saruji kidogo, ambalo halipiti motoni.

Mtu atasema: mchoma matofali ni maskini, msimwongezee mzigo. Ni kweli. Kwa hiyo mzigo uanze kwetu. Kamati ya ujenzi ikitafuta tu bei ya chini, mchomaji atanunua kuni mbichi za haraka, bila kuuliza zimetoka msitu gani. Tukimlipa sehemu ya feza mapema, miezi mitatu kabla ya kuchoma, ataweza kununua mikaratusi ya mashamba ya watu na kuiacha ikauke.

Bwana Yesu alisema juu ya mtu anayekaa kwanza na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Sisi tumehesabu saruji, mabati na misumari. Kwenye kitabu cha kamati tuongeze mstari mmoja: kuni ni tani ngapi, zilitoka wapi, zilikauka muda gani. Parokia ambayo haiwezi kujaza mstari huo isiwashe moto bado.