Moto Unaua, Kisu Je?

Bumu likitoka, wengi wetu tunakimbilia chipsi kuku. Sina ugomvi na hilo. Ugomvi wangu ni na jibu tunalopewa tukihoji usalama wa nyama mbichi: "Moto unaua kila kitu, bwana."

Ni kweli, ila nusu. Nyama ikiiva mpaka ndani, ikafika nyuzi joto 70, Salmonella na E. coli wanakufa, hata wale waliokwisha kuwa sugu kwa dawa. Lakini hebu simama kibandani uangalie. Kuku mbichi anakatwa ubaoni, kisu kinapanguswa kwa kitambaa kile kile cha tangu asubuhi, halafu kinageukia nyanya na vitunguu. Kuku anaingia kwenye mafuta ya moto. Kachumbari inaingia mdomoni. Na sisi wa hosteli tunaosha kuku kwenye beseni la vyombo, maji yanarukia vikombe, tunaita usafi.

Kuharisha siku mbili kunapita. Kinachonitisha ni bakteria sugu anayebaki tumboni, kwa sababu bakteria hupeana jeni za usugu hata kama si wa aina moja. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza jeni iitwayo mcr-1, inayomwezesha bakteria kuhimili kolistini, dawa ambayo hospitali huiweka akiba pale nyingine zikishindwa. Waliikuta kwa nguruwe, kwenye nyama mbichi ya madukani, na kwa wagonjwa. Huko kolistini ilikuwa ikichanganywa kwenye chakula cha mifugo ili inenepe haraka.

Tusiwanyooshee kidole wafugaji wakubwa peke yao. Wangapi hapa chuoni tuna mradi wa kuku wa nyama nyumbani? Kuku wawili wakipiga chafya, banda zima linanyweshwa OTC, daktari wa mifugo hajaitwa. Mteja akija kesho yake, tunauza. Siku za kusubiri baada ya dawa tunazijua, tunazipuuza tu. Na hata tungezifuata, zinapunguza mabaki ya dawa kwenye nyama. Bakteria waliokwisha kuwa sugu hawaondoki kwa sababu umehesabu siku. Wengi tunachanganya mambo haya mawili. Dawa ambayo haikutolewa ovyo ndiyo inayosaidia.

Serikali ya wanafunzi ikiitwa kwenye kikao cha zabuni ya kafeteria, inabishania bei ya sahani. Safari hii iulize pia kuku wanatoka banda gani na daftari la dawa liko wapi. Idai ubao na kisu cha nyama mbichi peke yake. Na wale mama lishe wa getini wavutiwe bomba la maji, maana kumlaumu mtu anayeoshea kila kitu kwa ndoo moja ni uonevu.

Sahani ikipanda shilingi 200 nitalalamika kama wengine, halafu nitalipa.