Kipokezi kikipotoka, mwanafunzi ajue ni kwa nini

Mnamo Mei 2024, baadhi ya wakulima wa Marekani walilazimika kusimamisha matrekta yao katikati ya msimu wa kupanda. Mitambo haikuwa imeharibika, wala mafuta hayakuwa yamekwisha. Jua, lililo umbali wa kilomita milioni 150 hivi, lilikuwa limetupa mawingu ya chembe zenye umeme yakaigonga sumaku ya dunia. Dhoruba hiyo ya sumaku ilivivuruga vipokezi vilivyoyaongoza matrekta kwa ishara za setilaiti.

Huenda msomaji akauliza, hayo yatuhusu nini? Yatuhusu sana. Rubani, mpima ardhi na nahodha wetu hutegemea ishara zizo hizo. Setilaiti za GPS huizunguka dunia kwenye kimo cha kilomita 20,200 hivi. Kipokezi hupima muda uliotumiwa na ishara njiani, kisha kikakokotoa umbali. Kwa kuwa ishara husafiri kilomita 300,000 kwa sekunde, kosa la sehemu moja ya milioni ya sekunde huzaa kosa la mita 300.

Njiani, ishara hupenya ayonosfia, tabaka la angahewa ambamo miale ya jua huzibandua elektroni kutoka kwa atomi. Elektroni hizo huichelewesha ishara. Siku za kawaida kipokezi huweza kuukadiria ucheleweshaji huo. Dhoruba inapozuka, elektroni huongezeka hapa na kupungua pale, na makadirio yakaharibika.

Isitoshe, sisi wa ukanda huu hatuna haja ya kungoja dhoruba. Ikweta ya sumaku hupita katika nchi jirani ya Ethiopia, na ayonosfia ya maeneo yaliyo karibu nayo huchafuka mara nyingi baada ya jua kutua. Ishara humetameta mithili ya nyota, hata pengine kipokezi kikaipoteza.

Nchi hii si ngeni kwa elimu ya anga. Mwaka wa 1967, setilaiti ya Italia iitwayo San Marco 2 ilirushwa kutoka jukwaa la baharini karibu na Malindi ili kuchunguza hewa ya juu. Itakuwa aibu iwapo watoto wetu watajua kubonyeza simu tu, wasijue kinachotendeka juu ya vichwa vyao.

Walimu, wapeni wanafunzi kazi ndogo. Wachague mahali pamoja uwanjani, wapapime kwa simu mchana na jioni kwa majuma kadhaa, kisha walinganishe majibu. Si kila tofauti itakayotokana na anga, kwani majengo na miti pia hupotosha ishara. Kuvitenganisha visababishi hivyo ndiyo sayansi yenyewe.

Pia wafundisheni kusoma ramani ya karatasi. Wahenga walituonya tusiache mbachao kwa msala upitao.