Diski ya Kompyuta Yetu: Tusasishe au Tuiache?



Wiki hii tumeonelea tuzungumzie jambo linalodhaniwa kuwa la mafundi, ilhali uamuzi wake humwangukia mama au binti aliyeketi mbele ya kipakatalishi akiwa peke yake. Ujumbe hujitokeza kwenye kioo: diski yako ina toleo jipya la programu ya ndani, je, lisakinishwe sasa? Chini yake pana vitufe viwili, cha kukubali na cha kuahirisha. Aghalabu mtu hubonyeza kimojawapo ili ujumbe umwondokee, arudi kwenye hesabu zake za maandazi au kazi ya shule ya mtoto.

Rai yetu ni kwamba kitufe hicho kisibonyezwe kwa kuudhika. Ndani ya diski ile mna picha za nikahi, sauti ya bibi aliyekwisha kufariki akiwasimulia wajukuu, nakala za vyeti vya kuzaliwa na hati ya shamba, na daftari la chama cha akina mama lenye michango ya watu wengine. Diski huuzwa dukani. Vilivyomo haviuzwi popote.

Kwanza tuijue diski yenyewe. Vipakatalishi vya miaka ya karibuni vingi hutumia diski za SSD. Hizi hazina sahani inayozunguka kama diski za zamani. Huhifadhi kila kitu katika chembe za kielektroniki, za jinsi moja na zile za flashi tunazobeba kwenye mkoba. Chembe hizo huchakaa kadiri zinavyoandikwa na kufutwa. Kwa hivyo ndani ya diski mna kichakataji kidogo kinachosambaza kazi ili chembe zote zichakae kwa usawa, kinachotenga zilizoharibika, na kinachoweka kumbukumbu ya mahali kila kipande cha faili kilipo. Maagizo yanayoongoza kichakataji hicho ndiyo mafundi huyaita famwea.

Tuchukue mfano wa bohari. Magunia ni mali yetu, na famwea ni karani mwenye daftari la kuonyesha gunia la nani liko rafu ipi. Kusasisha famwea ni kumbadilisha karani huku bohari imejaa. Karani mpya akiwa hodari, kazi huendelea vyema kuliko awali. Makabidhiano yakikatika katikati, magunia yapo yote, lakini hakuna ajuaye la nani ni lipi wala mlango unafunguliwaje. Ndiyo sababu fundi anaweza kukuambia kwamba picha zako hazikufutwa, na bado asiweze kukupa hata moja.

Je, haingekuwa salama zaidi kutogusa kabisa? Historia ya diski hizi inatujibu kwamba hapana, si kila mara.

Mnamo Novemba 2019 kampuni ya Hewlett Packard Enterprise iliwatangazia wateja wake kwamba baadhi ya diski zake za SSD zingekufa zitakapotimiza saa 32,768 za kuwashwa, yaani miaka 3, siku 270 na saa 8. Idadi hiyo haikuwa ya kubahatisha: ni 2 kwa kipeo cha 15, kiwango ambacho aina fulani ya kihesabio cha kompyuta hujaa na kushindwa kuendelea. Kampuni ilisema wazi kwamba baada ya saa hiyo diski wala data yake haviwezi kurejeshwa, na kwamba diski zilizoanza kazi siku moja huenda zikafa kwa pamoja. Dawa ilikuwa moja tu, kusakinisha famwea mpya kabla ya muda kufika. Machi 2020 likaja tangazo jingine la aina hiyo kuhusu diski nyingine, safari hii kikomo kikiwa saa 40,000.

Zile zilikuwa diski za mashine kubwa za ofisi zisizozimwa usiku wala mchana. Kipakatalishi kinachowashwa saa 4 kwa siku kingechukua zaidi ya miaka 22 kufika saa 32,768. Lakini hata za nyumbani zimepata mikasa yao. Diski ya Crucial m4 ilikuwa na kasoro ambayo, ikitimiza saa 5,184, iliifanya iache kuitikia. Ukizima na kuwasha huamka, kisha hugoma tena baada ya saa moja. Kwa mtu anayetumia kompyuta saa 8 kwa siku, huo ni muda wa karibu mwaka mmoja na miezi tisa. Famwea ya kuitibu ilitolewa Januari 2012. Tena mwanzoni mwa 2023 zilienea habari za diski za Samsung 980 PRO, hasa za terabaiti 2, zilizokuwa na famwea 3B2QGXA7: zilijifunga zikawa za kusomwa tu, hazikubali kuandikwa. Toleo lililofuata, 5B2QGXA7, liliziba kasoro hiyo, lakini halikuziponya diski zilizokwisha kuathirika. Aliyesasisha mapema alisalimika.

Upande wa pili nao una ushahidi wake. Mnamo Oktoba 2009 kampuni ya Intel ilitoa famwea mpya kwa diski zake za X25-M ili ziongeze kasi. Baadhi ya waliokuwa wakitumia Windows 7 walisakinisha, na diski zao zikagoma. Intel ililiondoa toleo lile, kisha baadaye ikatoa jingine. Hapa waliosubiri ndio waliosalimika.

Basi mwenye kusema kila sasisho lipokewe papo hapo amekosea, na mwenye kusema kinachofanya kazi kisiguswe kamwe amekosea vilevile. Kinachofaa ni kuuliza maswali kwa mpangilio, na tumeona ni manne.

Swali la kwanza: je, pana nakala ya akiba? Hili hutangulia yote. Kama vitu vyenu vipo katika diski hiyo moja peke yake, uamuzi wa leo si kusasisha wala kutosasisha, ni kunakili. Wataalamu hupendekeza nakala tatu, katika vyombo vya aina mbili tofauti, na moja kati yake iwe nje ya nyumba. Kwa familia hiyo si gharama kubwa: moja katika kompyuta, moja katika diski ya nje iliyo kabatini, na moja kwa dada yako aliyeolewa Malindi au katika hifadhi ya intaneti. Kisa cha 2019 kimetufunza kwamba diski mbili pacha zilizoanza kazi siku moja si akiba ya kutegemewa, maana kasoro iliyomo katika moja imo katika nduguye. Wala diski ya SSD isitupwe kabatini miaka mingi bila kuunganishwa na umeme ikiwa ndiyo nakala pekee. Chembe zake hupoteza chaji polepole, na joto la pwani yetu huharakisha jambo hilo.

Swali la pili: sasisho linatengeneza nini? Mtengenezaji hutoa maelezo mafupi pamoja na kila toleo. Yakisema kwamba toleo linazuia kupotea kwa data, diski kufa au kujifunga, kulipuuza ni kuona ufa na kungoja ukuta uanguke. Yakisema linaongeza kasi kidogo au linatengeneza jambo linalohusu kifaa msichokuwa nacho, hakuna la kukimbilia. Ngojeni majuma machache, wengine walijaribu, kisha mwamue. Haraka haraka haina baraka, na hapa kungoja hakuwapotezei kitu.

Swali la tatu: je, linaihusu diski yetu hasa? Si kila diski ya kampuni moja ina kasoro ileile. Tazameni jina kamili la diski na namba ya toleo la famwea iliyomo sasa, mlinganishe na maelezo herufi kwa herufi. Watengenezaji wengi wana programu yao ya kuonyesha hayo; Samsung wana Magician, Crucial wana Storage Executive. Programu hizo huonyesha pia hali ya afya ya diski na saa ilizowashwa. Zipakueni kutoka tovuti ya mtengenezaji mwenyewe. Ujumbe unaochomoza katikati ya ukurasa wa intaneti, au kiungo kilichotumwa katika kundi la WhatsApp kwamba diski yako iko hatarini, usibonyezwe. Wezi wanajua kwamba mtu aliyetishwa hasomi.

Swali la nne: je, leo ni siku yake? Sasisho lenyewe huchukua dakika chache, lakini dakika hizo hazitaki kukatizwa. Siku ya upepo ambapo stima huja na kuondoka, siku si yake. Betri ijae na chaja iwe imechomekwa. Kazi nyingine zote zifungwe. Asiwepo mtoto wa kukanyaga waya, wala asifanye mtu hivyo usiku wa kuamkia siku ya kuwasilisha kazi ya chuo. Kama diski imefungwa kwa BitLocker, tafuteni kwanza ule ufunguo wa kurejeshea wenye tarakimu 48, muuandike karatasini, kwa kuwa kompyuta inaweza kuudai baada ya mabadiliko kama haya, na asiyekuwa nao hubaki nje ya nyumba yake. Kazi ikiisha, zimeni kompyuta, muiwashe tena, mhakikishe namba ya toleo imebadilika, kisha mfungue picha na faili kadhaa mzione kwa macho.

Pana hali moja isiyongojea maswali haya. Diski ikianza kugoma, faili zikikataa kufunguka au kompyuta ikikwama mara kwa mara, msikimbilie sasisho kwa matumaini ya kuiponya. Mgonjwa aliye taabani hapelekwi safari ndefu. Nakilini kwanza kinachosomeka, mkianza na kile ambacho hakipatikani kwingine: picha na sauti mbele, nyaraka zikifuata, filamu na michezo mwisho kabisa. Zile diski za Samsung zilizojifunga zilikuwa bado zinasomeka, na mwenye kunakili mara moja aliweza kuokoa mali yake.

Limebaki la adabu ya nyumba. Katika familia nyingi fundi ni kijana wa sekondari, na tunamshukuru kwa ujuzi wake. Hata hivyo kompyuta ya nyumbani ni kasha la watu wengi. Kijana hafungui kasha la mama yake bila kubisha hodi, na vivyo hivyo asibadilishe famwea ya diski yenye daftari la chama na picha za marehemu bila kusema: mama, nataka kufanya jambo hili, lina faida hii na hatari hii, nakala iko hapa. Mama naye asijibu kwamba hayo ni mambo ya vijana. Haimlazimu kujua kichakataji kinavyofanya kazi. Inatosha aulize, nakala iko wapi, na uonyeshe ikifunguka. Kijana akishindwa kuionyesha, jibu ni bado. Na michango ya chama ni amana. Kuilinda si hisani kwa wenzetu, ni wajibu.

Kungoja nako ni uamuzi, maadamu umefanywa kwa kujua. Mkiamua kutosasisha, andikeni mahali: tarehe, jina la diski, toleo lililomo, na sababu ya kungoja. Baada ya miezi mitatu someni tena maelezo ya mtengenezaji. Asiyeandika husahau, na tangazo la kasoro likitoka hatajua kama linamhusu.

Tunapendekeza kila nyumba itenge saa moja wiki hii, baada ya Alasiri siku mojawapo, kwa swali la kwanza peke yake. Unganisheni diski ya nje, nakilini picha na nyaraka, kisha fungueni picha moja kutoka katika nakala hiyo watoto wakitazama. Nyumba iliyofanya hivyo, ujumbe wa sasisho ukichomoza tena itaujibu kwa utulivu, iwe ni ndiyo au bado. Inshallah wiki ijayo tutaendelea.